Fomati Siyo Kupanga Herufi

Pelagia alikuwa na duka la kupiga chapa pale Manyamanyama, Bunda. Lilikuwa chumba kimoja tu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta ya mtumba, printa yenye kelele na benchi la wateja. Alichapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi na taarifa za polisi za vitu vilivyopotea.

Kazi hiyo aliijua. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha Musoma. Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi walipunguzwa. Wengi walirudi kijijini kulima. Pelagia akasema kazi imepunguzwa, lakini vidole vyake bado anavyo kumi. Akafungua duka.

Kila asubuhi mume wake, Isidori, alimleta mama mkwe wake dukani na kumketisha karibu na mlango. Isidori alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama mkwe huyo, mama mzazi wa Pelagia, aliitwa Dorotea, na watu wa Guta walimjua kuliko walivyomjua diwani wao. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkunga wa kijiji. Nusu ya vijana wa Guta walipokewa na mikono yake.

Dorotea hakujua kusoma wala kuandika. Vizazi vyote alivitunza kichwani. Na hakuhesabu miaka kama kalenda inavyohesabu. Alisema, "Huyu ni wa mwaka vijana walipokwenda vitani Uganda." Au, "Huyu ni wa mwezi ule maduka yalipofungwa kwa msako wa uhujumu uchumi." Au, "Huyo alizaliwa mitumba ilipoanza kuonekana mnadani, nilimfunga na fulana ya Kizungu." Ukimuuliza siku, alijua siku. Ukimuuliza saa, alijua jua lilikuwa wapi.

Kisha dunia ikaanza kudai vyeti. Kwenda shule, cheti cha kuzaliwa. Kazi, cheti. Kustaafu, cheti. Watu wazima wenye wajukuu walifika kwa Dorotea wakikuna vichwa. "Mama, eti mimi nilizaliwa lini?"

Pelagia akaona afadhali yaandikwe. Kila Jumapili baada ya misa, mama alitaja na binti alichapa. Isidori aliigeuza ile miaka ya njaa na vita kuwa miaka ya kalenda. Kazi ilichukua miezi minane. Walifika watoto mia nne na kumi na wawili.

Mwezi wa tatu mwaka 2002, Dorotea alipatwa na kiharusi. Kiliuchukua mkono wa kulia na kikauchukua ulimi. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini hakuweza kusema neno.

Watu walikuja kumpa pole. Wengine, tusifichane, walikuja pia kuulizia tarehe zao. Pelagia aliwatuliza.

"Msiwe na wasiwasi. Yote yamo kwenye kompyuta."

Alisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Hakuwa ametoa hata ukurasa mmoja kwenye karatasi. Wino ulikuwa ghali, na kila mara alijiambia kuwa ataitoa orodha siku akipata nafasi.

*

Siku moja ya Jumanne, mwezi wa saba, alikuja msichana anayeitwa Jeska. Alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Alitoka Bugwema, kwa shangazi yake aliyemlea, lakini alizaliwa Guta. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa mwanangu."

"Nimekuja kwa ajili ya tarehe. Mwisho wa kupeleka karatasi ni Ijumaa. Nilibatizwa mkubwa, kule Bugwema, na tarehe waliyoandika walikisiaga tu. Ofisi ya vyeti imeikataa. Wanataka tarehe kutoka kwa mkunga, na aweke kidole."

"Kidole anacho. Na tarehe ninayo," Pelagia akasema. Akacheka. "Ngoja niiwashe tu."

Jana yake umeme ulikuwa umekatika mara tatu, yeye akiwa katikati ya kuchapa mtihani. Mara ya tatu alikasirika, akafunga duka akaenda zake nyumbani. Sasa alibonyeza kitufe. Kompyuta ikanguruma. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maneno meupe ya Kiingereza kwamba kuna faili halionekani na Windows haiwezi kuanza. Basi. Yakabaki hapo.

Alizima, akawasha. Maneno yale yale. Akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka. Yale yale. Akaipiga kofi ubavuni, kama alivyozoea kuipiga redio. Kompyuta haikujali.

"Mama, kuna nini?" Jeska akauliza.

Pelagia aligeuka akamtazama mama yake mlangoni. Dorotea naye alikuwa anamtazama. Alikuwa ameelewa. Mdomo wake ulitikisika upande mmoja, lakini sauti haikutoka.

Hapo ndipo Pelagia alipoona alichokifanya. Maisha ya watu mia nne na kumi na wawili yalikuwa yamekaa kwenye kichwa kimoja. Akayatoa huko akayaweka kwenye kasha moja. Kichwa kimenyamaza, na kasha nalo limenyamaza.

"Kimbia kamwite Danford," alimwambia Jeska. "Kibanda cha tatu baada ya mashine ya kusaga. Mwambie Pelagia wa kupiga chapa anakuita haraka."

*

Danford alikuwa fundi wa redio, pasi, feni na, siku hizi, kompyuta. Alikuwa mtu mwepesi, mcheshi, asiyeogopa kitu chochote chenye skrubu. Alifika na mfuko wake wa disketi. Akatazama kioo, akasonya.

"Ah, mama. Hii Windows imekufa. Nakupigia nyingine. Saa moja tu."

"Saa moja tu? Kweli?"

"Hizi ndizo tunazipigaga kila siku."

Pelagia akashusha pumzi. Akajiona mjinga kwa kuogopa vile. Danford akaingiza disketi yake, akawasha, akaanza kuandika maneno kwenye kile kioo cheusi. Kisha akasimama, maana yeye hakuwa mtu mbaya, na aliuliza kama anavyouliza daima.

"Mama, nifomati?"

Sasa sikiliza vizuri, maana balaa lote lilikuwa kwenye neno hilo. Pelagia alilijua neno fomati. Lilikuwa neno la kazi yake. Kwenye programu ya kuchapia lipo pale juu, na yeye alilibonyeza mara hamsini kwa siku. Kufomati barua ni kuipanga. Unachagua aina ya herufi, unakoleza kichwa cha habari, unaweka nafasi kati ya mistari. Mteja akileta barua iliyokaa ovyo, Pelagia aliifomati ikapendeza.

"Fomati," akasema. "Ila usinibadilishie herufi. Mimi natumiaga ukubwa wa kumi na mbili."

Danford alidhani ni utani. Akacheka sana.

"Haya mama. Kumi na mbili."

Akaandika amri. Kompyuta ikajibu kwa mstari mmoja wa Kiingereza, kisha ikauliza kama iendelee, ndiyo au hapana. Danford hakuusoma mstari ule. Alikuwa ameuona mara mia. Lakini Pelagia alikuwa mpiga chapa, na mpiga chapa hawezi kupita maandishi bila kuyasoma. Macho yake yakaenda yenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, lakini neno la mwisho la mstari ule, LOST, alilijua kuliko jina lake. Alilichapa kila wiki, kwa Kiingereza hicho hicho, kwenye taarifa za polisi. Kitambulisho kimepotea. Cheti kimepotea. Kadi ya pikipiki imepotea.

Mstari ulisema kwamba kila kitu kilichomo kitapotea.

Kidole cha Danford kilikuwa juu ya kitufe cha ndiyo.

"Acha!" Pelagia alipiga kelele, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Jeska akaruka kutoka kwenye benchi. Mama muuza nyanya wa jirani akaja mbio akidhani ni mwizi.

"Mama, vipi?"

"Nini kinapotea? Hapo imeandikwa kinapotea! Nini?"

"Vitu vya ndani. Si nimekuuliza kama nifomati, ukasema fomati?"

"Fomati si kupanga herufi?"

Danford akamtazama. Polepole lile cheko likamtoka usoni.

"Hapana, mama. Hii fomati nyingine. Hii ni kufuta diski yote. Inabaki nyeupe, ndiyo unaweka Windows mpya."

"Na orodha ya mama?"

"Orodha gani?"

Pelagia akamwonyesha Dorotea kwa mkono. Akamweleza kwa maneno machache. Danford mwenyewe alizaliwa Guta. Alikuwa mmoja wa wale mia nne na kumi na wawili. Aliondoa mkono wake kwenye kibodi taratibu sana, akachomoa waya wa umeme ukutani, kisha akakaa chini sakafuni.

"Mungu wangu," akasema. "Ilibaki kidole kimoja."

Pelagia aliketi kwenye benchi kando ya Jeska. Miaka miwili alikuwa akijiona mtaalamu wa kompyuta, na kumbe hakujua kwamba neno moja linaweza kuwa na maana mbili.

"Wateja wako wengine," akauliza mwishowe, "huwa wanasemaje ukiwauliza?"

"Wanasemaga ndiyo," Danford akajibu. Hakumwangalia usoni. "Wote wanasemaga ndiyo."

Kisha akaongeza, "Kuna dada mmoja Musoma, anaitwa Robi Werema. Ni mtu wa Butiama, anatengeneza kompyuta za maofisini. Yeye ndiye alinifundisha. Wiki mbili tu, halafu nikajiona nimeiva, nikaondoka. Alikuwaga anasema kuna njia ya kutengeneza bila kufuta. Sikungojea kufundishwa hiyo."

"Kesho asubuhi tunakwenda," Pelagia akasema. "Wewe na mimi."

*

Kesho yake Pelagia alilifunga lile kasha la kompyuta kwa kitenge, akalipakata njia nzima hadi Musoma. Mzee mmoja aliyekaa jirani alimuuliza mtoto anaumwa nini. Pelagia akasema, "Ameshtuka na umeme." Mzee akasikitika sana.

Karakana ya Robi ilikuwa chumba cha nyuma cha duka, karibu na barabara ya Mukendo. Robi alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alimtambua Danford mara moja.

"Danford. Wiki yako ya tatu umekuja kuimalizia leo?"

Danford akainama. Pelagia akaeleza yote tangu mwanzo: mama, orodha, umeme, fomati. Alipofika kwenye ukubwa wa kumi na mbili, Robi hakucheka.

"Dada, hukukosea peke yako," akasema. "Neno moja linafanya kazi mbili, na hakuna aliyekuambia. Lakini niambie jambo moja. Baada ya kompyuta kugoma, kuna kitu chochote kipya mliweka ndani?"

"Hapana. Danford alichomoa waya."

"Hapo Danford alifanya la maana."

Alifungua kitenge, akaunganisha kasha na kioo chake. Hakuiwasha bado. Alianza kueleza, na kwa kuwa Pelagia alikuwa ameshaumwa na neno moja, alisikiliza kila neno.

"Humu ndani kuna diski. Kwenye diski kuna vitu vya aina mbili. Kuna programu inayoiendesha kompyuta yenyewe. Ndiyo inawasha kioo, inasikiliza kibodi, inaiamuru printa. Hiyo ndiyo Windows. Halafu kuna vitu vyako wewe: barua, mitihani, orodha ya mama. Vinakaa pamoja, lakini siyo kitu kimoja. Umeme ulipokatika, Windows ilikuwa inaandika mambo yake, ikakatwa katikati. Iliyovurugika ni hiyo. Vitu vyako huenda viko salama kabisa, ila hakuna wa kukufungulia."

"Kwa hiyo orodha iko?"

"Huenda. Kitasa kikigoma unamwita fundi wa kitasa. Huchomi nyumba. Kufomati ndiyo kuchoma nyumba."

Danford akakohoa.

"Sasa, watu wengi wakifika hapa wanataka Windows itengenezwe kwanza," Robi akaendelea. "Mimi nakataa. Kwanza tunatoa vitu vyako nje. Kutengeneza kunaweza kukosewa, na diski yenyewe inaweza kufa katikati ya kazi. Vitu vikishakuwa nje, hata ikifa, ife."

Aliingiza disketi ya kuwashia, akawasha. Kioo kikawa cheusi, kama kile cha jana. Pelagia akashika kifua.

"Usiogope. Sasa naisoma tu, siandiki kitu. Disketi hii inaiamsha kompyuta bila kupitia Windows. Faili lako linaitwaje?"

"Mama."

Robi akaandika. Yakatokea majina mengi mafupi ya kukatwakatwa. Pelagia aliyatambua moja moja. Mtihani wa darasa la saba. Kadi ya harusi ya Mseti. Barua ya mzee Machage ya mafao yake.

"Ndizo kazi zangu!" akasema kwa furaha. "Zipo!"

"Zipo. Hapa ndipo watu wanapohifadhi nyaraka zao." Robi akasogeza macho hadi mwisho wa orodha. Akarudi juu. Akashuka tena. "Mama hayumo."

"Unasemaje?"

"Faili la Mama halimo humu."

Pelagia aliivuta stuli akakaa. Barua ya Machage ipo. Kadi ya Mseti, ambaye harusi yake iliahirishwa, ipo. Mama hayumo.

"Ngoja kwanza," Robi akasema. "Usilie bado. Nieleze ulikuwa unaifunguaje."

"Nikiwasha tu naiona. Iko pale pale mbele, ile picha ya kwanza. Kikaratasi kidogo kimeandikwa Mama. Nabonyeza mara mbili. Niliiweka hapo makusudi, nisihangaike kuitafuta."

"Aa. Uliiweka usoni." Robi akapumua. "Dada, ule uso wa kompyuta nao ni chumba. Na kwenye Windows hii, chumba hicho kiko ndani ya folda ya Windows yenyewe."

Akaandika amri nyingine. Akaiambia kompyuta itafute diski yote, kila pembe, kila faili la kuchapa. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Yakapanda, yakapanda. Kisha Robi akaweka kidole.

"Huyu hapa."

Lilikuwa jina la herufi nne tu, na ukubwa wake, na tarehe. Pelagia aliligusa kwenye kioo.

"Hebu ona hapa, Danford," Robi akasema. "Kuna mafundi hawafomati, wanajiona wamefanya vizuri. Lakini wanafuta folda yote ya Windows ili waweke mpya. Wangekuwa wamemfuta huyu mama pia."

"Mimi siku nyingine hufanyaga hivyo," Danford akasema polepole. "Kuna mwalimu alilia dukani kwangu. Nilimwambia ni virusi."

Robi akaingiza disketi nyingine, tupu, akanakili. Kompyuta ikasema faili moja limenakiliwa. Pelagia akataka kumkumbatia, lakini Robi akamzuia kwa mkono.

"Bado. Nakala lazima uifungue uione."

Aliichukua disketi, akaipeleka kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile nzima. Akaifungua. Ukurasa wa kwanza ukajaa kwenye kioo: namba moja, jina la mtoto, baba, mama, na ule mwaka jinsi Dorotea alivyoutaja. Robi akashuka hadi ukurasa wa mwisho. Namba mia nne na kumi na mbili. Yote yalikuwepo. Pelagia alifunika uso kwa kitenge, akalia bila aibu.

Robi akatengeneza disketi ya pili ya orodha, kisha akanakili na barua zote za wateja. Hapo tu ndipo alipoigusa Windows. Kwanza aliipima diski kama haina jeraha. Kisha akatia sidii ya Windows ile ile.

"Njoo uone, Danford. Hii ndiyo wiki ya tatu. Inaniuliza niiweke wapi. Naiambia pale pale ilipokuwa, juu ya ile ya zamani. Sifuti, sifomati. Inabadilisha mafaili yake yaliyoharibika, na vitu vya mwenyewe haivigusi. Ikidai namba ya leseni, tazama ubavuni mwa kasha, imebandikwa."

Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Pelagia alikwenda kwa mama ntilie akala ugali na sato. Danford alikataa kula. Alibaki ameinama juu ya bega la Robi, akiandika kila hatua kwenye kiganja chake, na kiganja kilipojaa akahamia mkononi.

Hatimaye kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Yakaja yale mawingu yake ya buluu. Kisha uso wake ule ule, na pembeni kikaratasi kidogo: Mama.

"Sasa ukitaka kunifurahisha," Robi akasema, "hii isikae tena mahali pamoja tu. Disketi moja weka nyumbani, nyingine isikae nyumba hiyo hiyo. Disketi nazo zinaharibikaga, vumbi tu linatosha. Kwa hiyo chapa pia kwenye karatasi. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, usiondoke kwa hasira. Iwashe, kisha izime kwa utaratibu wake."

"Umejuaje kama nilikasirika?"

"Wote mnakasirikaga."

*

Alhamisi asubuhi Pelagia hakufungua kazi ya mtu yeyote. Alichapa orodha nzima kwenye karatasi, kurasa thelathini na nane, mara mbili. Wino ukaisha, akaenda kununua mwingine bila kunung'unika. Nakala moja Isidori aliifungia kwenye kabati la mwalimu mkuu. Nyingine ilikaa nyumbani. Disketi moja ilikwenda parokiani. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya kufunga duka, Pelagia alinakili kazi zake zote, akazifungua nakala azione, ndipo akapika chakula cha jioni.

Danford naye alimtafuta yule mwalimu aliyelia, akamwambia ukweli kwamba haikuwa virusi. Haikuwa rahisi. Lakini mtu akienda kibandani kwake siku hizi, kabla hajashika bisibisi, anauliza, "Vitu vyako viko wapi humu? Nionyeshe." Na mteja akisema fomati tu, Danford anamkalisha chini.

Jeska alifika saa nne, Alhamisi hiyo hiyo. Dorotea alikuwa mlangoni, kama kawaida. Pelagia akafungua faili, akatafuta jina.

"Hili hapa. Namba mia mbili sitini na sita." Akasoma kwa sauti. "Jeska. Baba Kasmiri, mama Marieta. Ijumaa Kuu, mwaka wa pili wa unga wa njano wa msaada, jua likizama. Tarehe 20 Aprili 1984. Huyu alitangulia..."

Akainua macho kutoka kwenye kioo.

"Endelea mama," Jeska akasema.

Pelagia aliendelea, sauti ikiwa chini. "Huyu alitangulia. Wa pili, mvulana, hakulia. Nilimpuliza hadi giza likaingia. Mama yao alimpa jina la babu, Rafaeli. Tulimzika nyuma ya zizi."

Jeska alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Nilikuwa na pacha?"

"Mwanangu, nilichapa wengi mno. Nilikuwa nachapa kwa vidole, kichwa kiko kwingine. Sikukumbuka."

"Hakuna aliyeniambia. Miaka kumi na minane." Msichana akamgeukia Dorotea, akapiga magoti mbele yake. "Bibi, ni kweli? Tulikuwa wawili?"

Dorotea alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaonyesha vidole viwili.

Muuza nyanya alikuwa amefika mlangoni na fungu lake. Alipoona nyuso zao, akarudi nyuma bila kusema.

"Ofisi inataka tarehe tu na kidole cha mkunga," Pelagia akasema taratibu. "Nikuchapie hiyo?"

"Ofisi wachapie tarehe," Jeska akajibu. Alifuta machozi kwa kiganja. "Mimi nichapie yote. Nakala mbili. Moja nampelekea shangazi Bugwema. Atanionyesha hilo zizi lilikuwa wapi."

Printa ikaanza kelele zake. Dorotea alikuwa bado hajashusha vidole.